Dole la Bi Mize

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba mimi, Vuai, ndiye pensheni ya mama yangu.

Kosa ni langu. Juzi Mama alirudi mikono mitupu kwenye malipo ya wazee, mashine ya alama za vidole imemkataa. Badala ya kumpa pole nikapiga domo barazani: serikali inadekeza wazee bure, pensheni ya mzee ni watoto wake.

Basi ndotoni wamenishika kwa neno langu. Nimefungwa kamba kiunoni, nimekalishwa kaunta, nasubiri kukabidhiwa.

Mama anafika. Ana miaka sabini na mbili, na arubaini ameimaliza kwenye kupiga makumbi ya nazi na kusokota kamba.

"Weka dole," inasema mashine.

Anaweka.

"Hapa hapana mtu."

"Mie nani basi?"

"Dole halina mistari. Asiye na mistari ameshakufa. Pole kwa msiba, bibi."

Mama anasonya. "Mistari imeliwa na makumbi, nikimsomesha huyo mliyemfunga hapo."

Napiga kelele kwamba yu hai, namjua. Mashine inasema pensheni haina ruhusa ya kuzungumza.

Mara kaunta imekuwa jiko la nyumbani, na foleni yote imo ndani, inamsubiri Mama amalize.

"Haya, mchukue," inasema mashine, imechoka. "Ana miguu na kila kitu."

"Simtaki," anasema Mama. "Huyu nikimwomba sabuni huniuliza ile ya juzi imekwenda wapi. Nataka changu, nisihojiwe na mtu."

Nimeona haya mpaka masikio yakaniwaka, kwa sababu ni kweli nilimuuliza.

"Chukueni mistari yangu mumpe," nasema. "Tumechoka!"

Mashine inanimenya dole kama kitunguu na kumbandika Mama. Taa ya kijani inawaka.

"Hongera, Bi Mize. Uko hai."

Nikaamka. Nikaweka dole kwenye simu nitazame saa. Ikakataa. Nikalifuta kwenye shuka, nikaweka tena. Ikakataa.

Mama akaingia na chai. "Vuai, mie nakwenda tena kwenye ile mashine yao. Ikinikataa na leo, wananifuta."

Akaiokota simu yangu kitandani apate pa kuweka kikombe. Ikafunguka mkononi mwake.

"Twende," nikamwambia. "Leo itakubali."