Kidole Ahamisha Vipimo

Kidole hakuwa mjuzi wa kompyuta, na jina lenyewe linajieleza: alichapa kwa kidole kimoja, tisa vilivyobaki vikitazama kama wageni waliokosa viti. Ila mpe mkasi uone. Yeye alikata, mkewe alishona, na vipimo vya wateja wao wote, mabega, viuno, hata vitambi vya kufichwa, vilikaa ndani ya kompyuta kuukuu ya Windows iliyokohoa kuliko cherehani.

Kaka wa mkewe akawaletea kompyuta nyingine, yenye Linux.

"Huo mfumo bei gani?" Kidole aliuliza.

"Bure, shemeji."

Bure! Mtu aliyeumwa na nyoka hushtushwa na ung'ongo. Kidole aliwahi kuwa na mwenzake kazini, akaondoka na vyerehani akavitie mafuta. Mpaka leo anatia. Tena juzi alimwona shemeji huyu akicheka na fundi wa ng'ambo ya barabara, yule mnyemelea wateja wa watu. Kicheko kirefu namna ile hakikosi mkia.

"Usibebe folda," shemeji alimwelekeza kwenye simu. "Iambie hifadhidata ijimwage yenyewe. Itatoa kila kitu kwa maandishi, faili moja, na hilo ndilo utakalolipakia kwenye Linux. Nimekutumia amri. Mstari mmoja tu, inakili kama ilivyo."

Kidole aliukodolea macho ule mstari. Vistari, nukta, mishale. Sasa huo mshale unaelekea wapi? Nani kasema haumwagi vipimo vyake moja kwa moja ng'ambo ya barabara? Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo kazi yake.

"Nitabeba kwa mkono wangu," alijiambia.

Asubuhi hiyo kwaya nzima ilikuwa imejipanga mlangoni kupimwa sare. Mkewe alikuwa akipima wawili watatu, anakuja kuandika, anarudi nje na utepe shingoni. Programu aliiacha wazi. Kidole akapenya, akainakili folda kwenye flashi, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kwaya ilipoondoka, akafanya la pili, ambalo halikuwemo kwenye maelekezo ya mtu yeyote: aliifuta kompyuta kuukuu ikawa nyeupe kama sahani iliyolambwa. Shemeji akija kuichukua, asikute hata kifungo.

Kisha akachomeka flashi kwenye Linux, folda ikaingia vizuri. Akaifungua hifadhidata. Ikajibu: haisomeki. Akajaribu tena, taratibu, kwa heshima. Haisomeki.

Mkewe aliingia na kitambaa cha kwaya begani. "Haya, nisomee wa kwanza, wewe ukate. Jumapili wanaimba."

"Kaka yako ametuhujumu," Kidole alisema.

"Kafanya nini?"

"Ametuletea kompyuta isiyotaka wateja wetu. Mimi nilisema, cha bure hicho!"

Mkewe aliitazama kompyuta mpya, akaigeukia ya zamani, halafu akamtazama mumewe, na hapo ndipo alipokawia. Akampigia kaka yake simu. Shemeji alifika akihema, akakaa kitini. Kidole akasimama nyuma yake, karibu kabisa, akihesabu vidole vinagusa nini.

"Shemeji, uliimwaga au uliibeba?"

"Niliibeba. Kwani ni dhambi?"

"Programu ilikuwa imefungwa?"

"Dada yako alikuwa akiandika."

"Sasa umebeba kabati mtu akiwa bado anapanga nguo ndani. Na hata ungelifunga, kila mfumo una namna yake ya kukunja. Ndiyo maana tunaiambia ijimwage: huku inakunjua, kule inakunja upya. Si kitu. Tuwashe ya zamani tuanze tena."

Kidole akapata kazi ya ghafla ya kunyoosha kitambaa kilichokwisha kunyooka.

"Nimeifuta," alisema.

Mkewe aliketi juu ya meza ya kukatia, mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuketi. Shemeji akajikuna shingo, akatoa flashi mfukoni.

"Ninayo nakala. Niliimwaga wiki iliyopita."

"Aha!" Kidole aliruka. "Si nilisema! Mwizi wewe! Nani alikutuma?"

"Mimi," mkewe alisema. "Nakujua, mume wangu. Wewe unamshuku kaka yangu, mimi nakushuku wewe. Afadhali mimi nilishuku kwa faida."

Kidole alitaka kuuliza hiyo nakala imelala kwa nani siku zote hizo. Alitaka kuuliza habari za kile kicheko. Lakini wateja wake wote walikuwa ndani ya kile kiganja.

"Pakia," alisema.

Dakika chache, majina yakashuka kwenye kioo, na mabega na viuno vyao. Wote walikuwepo, isipokuwa kwaya.

"Hao utawapigia simu wewe," mkewe alisema. "Na utawapima wewe."

Jioni mwimba besi mnene alikuwa mlangoni, mikono juu. "Mbona napimwa mara mbili siku moja? Mnanishuku nimenenepa tangu asubuhi?"

"Pumua, mzee, usijibane," Kidole alisema, akamzungushia utepe. Kule ndani kaka na dada walinong'ona kitu, wakacheka. Kidole alinyoosha shingo asikie. Hakusikia.

"Kiuno!" alipaza sauti. "Andikeni, msicheke! Na muimwage hifadhidata kila mnapomaliza ukurasa!"