Kiingereza cha Kwanza

Siku kocha wa chuo kimoja cha Oregon alipomwambia Iosua Tavai kwamba wanamtaka kwenye timu yao ya mpira wa Kimarekani, mji mzima wa Pago Pago, kule kisiwani, ulijua kabla giza halijaingia. Jumapili mchungaji alimtaja kwenye maombi, na baba yake, Mzee Tavai, chifu wa ukoo na mtu asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akafuta machozi. Nguruwe akachinjwa, magimbi yakapikwa kwa tui, watu wakala.

Mwalimu Leilua Sapolu naye alikula, lakini furaha haikumwingia. Kila alipomtazama kijana yule, mabega mapana kama mlango, alimwona mdogo wake Pita. Pita naye aliahidiwa. Pita naye alisindikizwa uwanja wa ndege, mashada ya maua yakimfika masikioni. Akarudi kabla hajacheza hata mechi moja, kwa sababu baadhi ya masomo yake hayakuhesabiwa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha jodari. Mpira ukionyeshwa kwenye televisheni, hutoka nje.

Jumatatu, kipindi cha baiolojia kilipokwisha, Leilua alimzuia Iosua mlangoni.

"Mwaka wa kwanza ulisoma Kiingereza kipi?"

"Kile cha wanaojifunza, Mwalimu. Cha sisi tunaoongea Kisamoa nyumbani."

"Hicho hakihesabiwi."

Iosua alicheka. "Nilipata A, Mwalimu."

"Hata ungepata nyota. Wanaosimamia michezo ya vyuo wana masomo yao kumi na sita wanayoyatambua. Kumi yawe yamekamilika kabla hujaanza mwaka wa nne, wa mwisho hapa shuleni. Wewe, ukitoa kile, unaingia mwaka wa nne ukiwa na masomo tisa tu."

"Na nikikosa hilo moja?"

"Mwaka wa kwanza chuoni hutashuka uwanjani. Na kocha akisikia hivyo, unadhani atakusubiri?"

Kijana akauliza, taratibu, "Sasa nifanye nini?"

Leilua alipenda swali hilo. Kwa muda mrefu alikuwa ametamani Pita angepata mtu wa kumuuliza.

Kocha Lemalu, wa timu ya shule, alipopata habari, alimfuata Leilua mpaka ofisi ya walimu, filimbi ikining'inia shingoni.

"Dada, unawatia watoto kiwewe! Mtoto ana ofa!"

"Ofa ya mdomo, Kocha. Hajasaini kitu. Leo wanamtaka, kesho wakimpata mwingine, simu haipokelewi."

"Wewe fundisha vyura wako, mpira niachie mimi."

"Mpira ni wako. Lakini hao watoto ukishawapeleka uwanja wa ndege, nani huenda kuwapokea wakirudi?"

Lemalu aligeuka akaondoka. Alikuwa amemfundisha Pita pia.

Mkuu wa shule hakukataa. Alisema darasa la likizo la Kiingereza cha Kwanza, kile kinachohesabiwa, litafunguliwa iwapo watapatikana wanafunzi kumi na wawili, la sivyo hana namna ya kumlipa mwalimu. Leilua akapitia matokeo ya wanamichezo wote, na moyo ukamwuma: Iosua hakuwa peke yake. Walikuwepo wasichana wa voliboli, mpiga mieleka mmoja, na wachezaji wenzake wa mstari wa mbele. Basi kila jioni, sala za familia zikiisha, alijifunga kiunoni lavalava yake safi akabisha hodi nyumba kwa nyumba. Wengine walimkaribisha chai na shelisheli ya kuchoma. Mama mmoja alisema binti yake hana haja ya chuo. Leilua akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka yule mama akasema, "Haya, mchukue, mradi uniache nipumzike!"

Kwa Mzee Tavai ndiko alikogonga mwamba. Likizo hiyohiyo Iosua alitakiwa kwenda kambi ya mazoezi California, na ukoo ulikwishachangia tiketi.

"Mwalimu, nakuheshimu," mzee alisema, amekaa chini, miguu ameikunja. "Lakini makocha wa vyuo vya bara watakuwa kule. Unataka mwanangu abaki hapa anasoma herufi?"

Leilua alikuwa amekuja na Pita, akimwomba tu amsindikize. Hakutegemea aseme neno. Pita alikuwa akitazama mkeka muda wote, na alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo kwa mwili ule.

"Mzee, mimi nilikwenda hizo kambi zote. Makocha walinipenda sana. Kisha wakaniita ofisini, wakaniambia siruhusiwi kucheza. Nilidhani wanatania. Nilirudi nikapita barabara ya nyuma nisionane na watu. Mpaka leo mchungaji hajaniuliza, wala wewe hujaniuliza." Akanyanyua uso. "Muulizeni Iosua anataka nini."

Mzee Tavai hakumtazama Pita. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango.

"Nitasoma, baba," Iosua alisema. "Nisamehe kwa tiketi."

Mzee akasema kwa ukali, "Basi usome kweli. Nikisikia unasinzia darasani, nitakuja kukaa pembeni yako."

Darasa lilifunguliwa. Mvua ilipiga bati mpaka mwalimu wa Kiingereza akafundisha kwa kupiga kelele. Iosua alibanwa na dawati, akisimama anasimama nalo, na wasichana wa voliboli wakamwita "kobe". Alikasirika siku mbili, ya tatu akacheka nao. Alifaulu. Haikuwa A, lakini somo lilihesabiwa.

Oregon walinyamaza msimu ulipokuwa katikati. Walikuwa wamepata mchezaji mwingine kwenye kambi ile ya California. Iosua alikuja kwa Leilua na macho mekundu.

"Ningekwenda California, Mwalimu, nafasi ingekuwa yangu."

"Huenda," Leilua alisema. Hakutaka kumdanganya. "Futa uso. Keti hapo. Tunaandikia vyuo vingine, na barua unaandika wewe, siyo mimi wala kocha."

Waliandika kwa wiki kadhaa. Kocha Lemalu, bila kuombwa, alikata video za mechi za Iosua na kuzituma. Vyuo vingi havikujibu. Kimoja cha Montana kilijibu, na swali lao la kwanza lilikuwa la masomo. Iosua alijibu mwenyewe kwenye simu, kwa Kiingereza, amesimama wima kama yuko mbele ya bendera. Mwezi wa pili alisaini karatasi za chuo hicho, baba yake pembeni.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, Leilua alikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule kabla kengele haijalia. Alitaka kujua watoto wa mwaka wa kwanza wamepangiwa Kiingereza kipi, na alikuwa amekuja na Kocha Lemalu.