Baba Amepotea Kilosa

Nianze kwa kusema wazi kwamba nina baba watatu. Mmoja ni aliyenizaa, huyo yuko Malampaka na hahusiki na kesi hii. Wa pili ni baba mkwe, namwita Baba kwa heshima. Wa tatu ana miaka miwili na nusu, namwita Baba kwa sababu amerithi jina la babu yake, na kwetu mkamwana halitaji jina la baba mkwe. Halitaji mbele yake, halitaji hata akiwa peke yake jikoni. Mume wangu Jovin analitaja, majirani wa Mikumi wanalitaja, babu mwenyewe anamwita mjukuu wake kwa jina hilo huku akimpa karanga. Ni mimi tu ambaye sijawahi, mwaka wa nne huu.

Siku hiyo tulitoka Mikumi asubuhi, mimi na hao Baba wangu wawili, tunakwenda kwenye harusi ya wifi yangu. Saa nne tukawa tumeshuka Kilosa, na treni ni saa kumi jioni. Masaa sita mazima kwenye benchi na mtoto wa umri ule. Aliyewahi kulea atanielewa. Baba mkwe alikuwa na mafua yaliyomkaa kooni tangu Jumatatu, sauti imekauka kabisa, anaongea kwa kunong'ona na kuonyesha kwa fimbo. Akaonyesha mabegi, akajionyesha mwenyewe, kisha akatuonyesha mji. Nikaelewa kwamba tuende, yeye atalinda.

Kilosa nilikuwa naijua kwenye daftari la historia tu. Mwalimu wetu wa kidato cha pili alisema ni mji wa zamani wenye majengo ya tangu enzi za Wajerumani, nikasema leo nitayaona kwa macho yangu na nitampiga Baba picha, akikua ajue alifika. Kumbe mtoto mdogo hatembelei mji wa kihistoria, anatembelea mawe. Kila jiwe kutoka stesheni tulilisimamia. Jengo hakuangalia hata moja. Aliangalia mbuzi, akaangalia bomba linalovuja, akalia kwa sababu mbuzi ameondoka. Kichwa kikaanza kuniuma.

Tukafika kwenye maduka ya zamani, yale yenye nguzo na baraza ndefu. Kwenye baraza moja alikaa fundi cherehani, mzee Donati, amezungukwa na marundo ya vitambaa vya sare za shule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza habari ya nyumba ile.

"Ya Mjerumani hiyo," akasema.

"Na ile inayofuata?"

"Ya Mjerumani."

Juu ya mlango wa ile inayofuata kulikuwa na jina la Kihindi na mwaka, vimechorwa kwenye sementi. Nikamwonyesha. Akavua miwani, akautazama mwaka ule kwa muda mrefu.

"Basi aliiuza," akasema.

Nikaachana naye. Nikainua simu kuupiga picha ule mlango, nikarudi nyuma hatua mbili ili jengo lienee. Niliposhusha macho, mkono wangu wa kushoto ulikuwa mtupu.

Kwanza sikuelewa. Nikatazama mkono, nikatazama simu, kana kwamba mtoto angekuwa ndani ya picha. Halafu nikaukumbuka mto Mkondoa, maana kutoka pale si mbali. Nikaanza kuita Baba, Baba, nikamkimbilia dereva wa bodaboda aliyejilaza juu ya pikipiki yake.

"Umemwona baba? Baba amepotea, nimegeuka kidogo tu."

"Anatembea mwenyewe?"

"Anatembea, ila anayumba."

"Anaongea?"

"Anaongea, ila haeleweki."

"Nimeshamjua," akasema, akawasha pikipiki, akaondoka mbio. Yassin, ndilo jina lake, nilikuja kulijua baadaye. Nilimshukuru Mungu kwa watu wepesi kama yule.

Mama mmoja muuza nyanya, Happyness, akaacha meza yake akaja kunisaidia kuita. Wengine nao wakaitikia wito. Mtaa mzima ukawa unaita Baba. Wanaume watatu wakageuka, na watoto wawili wakatoka kwenye nyumba zao, wala si wangu.

"Dada, mji huu kila mama anamwita mwanawe Baba," akasema Donati. "Jina lake hasa nani?"

"La babu yake."

"Babu yake anaitwa nani?"

Nikageukia barabara, nikaita Baba tena.

"Hujui jina la mtoto wako?"

"Nalijua. Silitaji."

Akanitazama, akamtazama Happyness. Nikaona wazi kwamba wanaanza kujiuliza kama mtoto ni wangu kweli, na hasira nilizopata hapo sizisemi. Nikawaambia kadi ya kliniki imeandikwa jina, ila iko kwenye begi, na begi liko stesheni, na anayelilinda hana sauti. Yote hayo yalikuwa kweli na yote yalisikika kama uongo. Hata mimi nilijishangaa. Mtoto amepotea, jina lipo kichwani, nafungua mdomo linatoka Baba. Nilijaribu, jamani. Ulimi ulikataa.

Pikipiki ikarudi kwa kishindo. Nyuma ya Yassin, ameshikilia kofia kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, alikuwa baba mkwe wangu.

"Nimempata," akasema Yassin, anatabasamu. "Alikuwa stesheni. Alikataa kupanda, ila sikumsikia anasema nini. Mzee wako amechanganyikiwa kidogo, usimwache tena peke yake."

Baba mkwe akashuka, akanitazama mikononi, akatazama nyuma yangu, halafu akanikazia macho. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Sikuhitaji kusikia. Nikapiga magoti palepale barabarani nikasema, "Baba, Baba hayupo," na Yassin akauliza, "Sasa huyu ni nani?"

Kabla sijamjibu, kuna mtu akapaza sauti kutoka upande wa chini kwamba kuna kandambili ndogo imeonekana kando ya mto.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nilikuwa nimemgeukia baba mkwe uso kwa uso, yuko mbele yangu hatua mbili, na nikaliita. "Nyanda!" Nikaliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Nyanda! Nyanda wee, uko wapi?"

Rundo la vitambaa chini ya meza ya Donati likatikisika. Kikatoka kichwa, kikafuata kipande cha kitambaa cha bluu mdomoni, kisha miguu, yote miwili na kandambili zake.

"Kalanga," akasema.

Ndipo nikaelewa. Kwangu, Baba kwa sauti kubwa ni kuoga, au ni kutolewa mkono kwenye ndoo ya unga. Amesikia mtaa mzima ukimwita kuoga, akajificha. Anayeitwa Nyanda hupewa karanga. Nilimkumbatia nikalia mpaka akanisukuma usoni. Donati alirudi kwenye cherehani yake, hataki mtu amtazame.

Nilipotulia nikamkumbuka mzee. Alikuwa bado amesimama palepale, ameinamia fimbo. Aibu ikanishuka mwilini kama maji. Nikamsogelea, nikapiga magoti tena, mtoto kifuani.

"Baba, nimekukosea. Nimekuita kama mtoto mwenzangu, mbele za watu."

Akainama, ikabidi nitege sikio.

"Mwanamke wa mwisho kuniita hivyo ni mama," akanong'ona. "Nilipotea na ndama. Akaniita hivyo hivyo, mpaka giza."

Mama yake alikufa kabla Jovin hajazaliwa.

"Ita tena," akasema.

"Baba, siwezi."

"Nisikie."

Nikaangalia chini. Nikaliita taratibu, mara moja. Mtoto akaitika, kitambaa bado mdomoni, na mzee naye akaitika, kwa ile sauti yake iliyokwaruza.