Dakika Tisa Kabla ya Magharibi

Niliishika kamba ya honi kwa mikono miwili, nikapiga bismillahi kama mtu anayeanza kazi ya halali, nikavuta. Honi ya mvuke ikalia juu ya mabati ya kiwanda cha mafuta ya nazi, na mtaa mzima wa nyuma, uliozoea kufungua saumu ya Ramadhani kwa honi ile, ukafuturu. Zilikuwa zimebaki dakika tisa kabla ya magharibi.

Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa Tumbatu niliyeletwa mjini kusoma skuli ya bweni. Darasa letu lilikuwa na vijana ishirini na wanane. Ishirini na saba walitayarishwa kuwa makarani na walimu. Mmoja, mimi, alichaguliwa kujifunza ufundi wa mitambo kila jioni kwenye kiwanda kile. Uteuzi huo mtukufu niliupata baada ya kuifungua kengele ya skuli vipande vipande, ikakaa siku mbili bila kulia. Mwalimu mkuu alisema mikono yangu itafutiwe kazi.

Basi wenzangu wakifuturu bwaloni kwa kelele, mimi niko kiwandani, nimekibana kipande cha chuma kwenye jiliwa, nakipiga tupa mpaka kinyooke. Hakikunyooka. Fundi Mabrouk, aliyekuwa akinifundisha, alikiinua kwenye mwanga, akanirudishia. "Bado." Siku nyingine hilo ndilo neno pekee nililoambiwa tangu niingie. Nikirudi bwenini nanuka grisi, vichekesho vimeshakwisha, na hakuna aliyenisimulia tena hata kimoja.

Siku ile mawingu yalitanda, Fundi akavua saa yake akaenda kutia udhu. Niliitazama kamba, ambayo kila siku aliivuta yeye. Nikivuta, niliwaza, bwaloni watasimulia habari zangu mwaka mzima.

Nilipogeuka, Fundi alikuwa mlangoni, ndevu zinachuruzika maji, anatafuna tende. Akaiendea saa yake. Akaitema tende, lakini nusu ilikuwa imeshashuka.

"Jecha."

"Naam, Fundi."

"Watu wote hawa wana siku ya kulipa, na hawajui. Kesho utapita mlango kwa mlango uwaambie. Ukiruka nyumba moja, usirudi hapa."

Nilidhani nitafurahi kutorudi. Nilishangaa nilivyoanza kuzihesabu nyumba palepale.

Nyumba zilikuwa thelathini na moja. "Shikamoo. Mimi ndiye niliyepiga honi jana. Funga yenu haikutimia." Wengine walinitukana, wengine walicheka, mmoja alinimwagia maji ya kuoshea mchele. Bi Kidawa, ajuza wa nyumba ya kona, alishika kiuno.

"Mie na magoti haya, nshafunga siku kumi na nane, ya kumi na tisa unaniibia wewe?" Akafunga mlango. Akaufungua tena. "Wenzako wako wapi?"

"Sina, Bi. Niko peke yangu."

Akanitazama sana kabla ya kuufunga mara ya pili.

Mzee Jaku, seremala, alinivuta ndani kwa sikio. "Deni langu mimi si la jana peke yake," akaninong'oneza. "Sijafunga hata siku moja. Ukisema, nakupiga randa."

Nilitoka pale na kichekesho bora kuliko vyote nilivyowahi kupata, na sikuwa na wa kumwambia.

Kesho yake, Jumamosi, nilisimama mbele ya Fundi.

"Zote?"

"Zote."

Akanipa tupa.

Ijumaa iliyofuata kiwanda kilifungwa mapema, nikafuturu bwaloni. Habari ilikuwa imeshafika. Matar, bingwa wetu wa kuigiza walimu, alikuwa juu ya benchi akiigiza honi, na watu wanashika mbavu.

"Jecha!" akaita. "Wewe si hushinda huko? Nani huyo hayawani aliyewafuturisha watu mchana?"

Meza nzima ikanigeukia. Tangu nifike skuli ile, nyuso zote zile zilikuwa hazijawahi kunitazama kwa pamoja.

"Mmoja wetu wa kiwandani," nikasema. "Ameshakanywa."

Wakamrudia Matar. Nikavuta sahani ya mihogo karibu yangu, nikala.