Siku Dubwi Lilipojaa

Sarafu ya tano ilimezwa, na Kalinga akatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kilabuni kwa Paskalina, hapo Nyololo, akiwatazama madereva wa malori wakililisha dubwi, ile mashine ya kamari iliyofungwa ukutani, mia mbili baada ya mia mbili. Yeye alikuwa hajagusa. Alisubiri lijae.

Usimcheke. Mtu huyu ni mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, mwaka wa thelathini huu. Anajua mwanzi ukiuchonga ncha asubuhi na jioni, unadondosha tone kwa tone mpaka chombo kinafurika. Mfukoni alikuwa na pesa ya baiskeli, mauzo ya msimu mzima, maana ndoo za ulanzi zilikuwa zimemmaliza shingo. Mkewe Severina alijua amekwenda kuinunua. Kalinga mwenyewe alitaka pesa izae kwanza.

"Baba Blessing, unatafuta nini humo?" Paskalina aliuliza, huku anafuta meza.

"Limekula tangu asubuhi. Hili limejaa."

"Nani kakudanganya? Halikumbuki lilichokula. Limepangwa tu: likila mia, kwa jumla linarudisha kama themanini. Leo kwako, kesho kwa yule dereva Aroni. Zinazobaki ni za mashine. Ukikaa sana unaisha."

"Mbona jana Aroni kashinda?"

"Kashinda za wenzake. Na leo kazirudisha zote, si ulikuwepo?"

Kweli alikuwepo. Kalinga akakuna kidevu. "Kwa hiyo halijai?"

"Linajaa, litaachaje? Wenyewe wanakuja Jumatatu na ufunguo wao. Wanakinga, wanaondoka."

Kalinga akamtazama dereva aliyekuwa anapapasa mifuko mitupu, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe wagema ni wao," alisema. "Miaka yote nachonga mianzi, leo nachongwa mimi."

Alasiri hiyo hiyo alinunua baiskeli, na raha aliyoiona haisemeki. Shida ni kwamba hakujua kuiendesha. Aliisukuma kando ya lami, akimpigia kengele kila aliyekutana naye, na kuku pia.

Severina alimwona kwa mbali, akaweka jembe chini. "Panda basi nikuone, baba."

"Panda wewe. Mimi nasukuma."

Akakunja kitenge, akakaa nyuma. Wakateremka taratibu kuelekea kwenye mianzi, tairi mpya zikiacha mstari mwembamba kwenye tope.