Samli ya Abdurahman

Samli ya Abdurahman bin Shehe wa Mkongani ilikuwa ikipikwa na mkewe. Hilo lilijulikana na kila mtu, hata na ng'ombe. Abdurahman mwenyewe asingeliweza kukuambia siagi huiva vipi. Kazi yake ilikuwa kufunga madebe kwenye baiskeli, kuyateremsha Msambweni na Diani, na kurudi akilalamika mgongo.

Mkewe aliitwa Khamisa binti Chirau, mtu wa Kinango, ingawa pale kijijini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Mwanafatuma, kwa jina la binti yake. Maziwa aliyagandisha katika vibuyu alivyovifukiza kwa moshi wa kuni, akayasukasuka mpaka siagi ikajitenga, kisha akaipika polepole hadi povu likatulia. Harufu ikitoka, majirani walikumbuka ghafla kwamba walikuwa na jambo la kuja kumwuliza.

Mwaka mmoja wa hamsini na kitu ikaja amri: hakuna kuuza samli, siagi wala mtindi bila leseni ya serikali. Anayeitaka leseni awe na nyumba ya maziwa yenye sakafu ya simiti, paa la bati na wavu madirishani. Wauzaji wengi wa Mkongani waliyasikiliza masharti, wakaenda zao kupanda mihogo. Khamisa hakwenda. Alikuwa na ng'ombe aliopewa na babake alipoolewa. Akawauza waliokuwa na maziwa mengi, maana wengine hawakupata mnunuzi, na nyumba ikasimama nyuma ya ile ya mumewe. Jirani yake Mbeyu alimwambia sasa maziwa yatalala juu ya simiti na yeye aendelee kulala juu ya udongo. Khamisa akacheka. Tangu azaliwe hakupata kukitaka kitu kama alivyoitaka ile leseni.

Siku ya ukaguzi alikuja Bwana Mifugo, Mzungu mwenye magoti mekundu, na karani wake Matano, na chifu, na askari mmoja. Waliipima nyumba, wakagonga madebe, wakaonja. Mzungu akaonja tena, mara hii bila sababu ya kikazi. Kisha wakaketi barazani kunywa kahawa. Khamisa, kama adabu ilivyotaka, alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, akisikiliza.

Matano akatoa kalamu, akauliza aandike jina la nani, kwa kuwa leseni hupewa yule anayetengeneza.

Sasa, mwanamume wa huku hataji jina la mkewe mbele ya wanaume wageni. Akilitaja ni kama amemtoa nje bila buibui. Abdurahman aliwatazama wale wanne mmoja mmoja, akajikuna shingo.

"Ni watu wa nyumbani," akasema.

Matano, Mdigo mwenzake, alielewa mara moja, akafasiri kwa adabu ileile. Mzungu akauliza hao watu wa nyumbani wanaitwa nani. Akajibiwa kwamba wanaitwa watu wa nyumbani. Akasema serikali haiupi leseni ukoo mzima. Inataka jina moja, la mtu mmoja. Nyuma ya pazia Khamisa alikohoa, basi. Kujitaja mwenyewe, sauti ya mke wa mtu itoke ndani iwatangazie wanaume jina lake, lilikuwa jambo zito kuliko lile la kutajwa. Askari akawa anatazama viatu vyake kama amevinunua asubuhi ile.

"Basi andika Abdurahman bin Shehe," akasema mwenye nyumba. Ikaandikwa.

Kesho yake Mbeyu alimwuliza Khamisa kama hakuumia. Khamisa akamshangaa. Mume aliyemsitiri mbele ya wageni ni wa kujivunia, si wa kulalamikiwa.

"Angelinitaja mbele ya wale, mwenzangu, ningelikuwa na uso gani wa kwendea kisimani?"

Aliyasema hayo kwa furaha kabisa, na ndiyo maana yanauma kuyasimulia.

Leseni ikatiwa kioo, ikatundikwa ukutani. Madebe yakabandikwa karatasi zenye jina la Abdurahman, na hoteli za Wazungu kule Diani zikawa zinayasubiri. Watu wakaanza kumwita Bwana Samli. Mwanzo ilikuwa mzaha. Akauitikia mara nyingi hata mzaha ukaisha. Siku moja Khamisa alimsikia barazani akiwafunza watu kwamba siri ya samli ni kukoroga kuelekea kulia. Yeye mpikaji hukoroga kuelekea upande ambao mkono haujachoka.

Mwanamume mwenye leseni huozwa upesi. Mwenye duka mmoja wa Msambweni akamwoza binti yake, Esha, na Khamisa akauvumilia ukewenza. Ila alipoambiwa amfundishe Esha kazi, aliuliza yeye atafanya nini akishamfundisha. Swali lile halikuwa na jibu zuri, kwa hiyo Abdurahman akakasirika. Maneno yakazaa maneno, wakaitwa mashahidi, na mbele yao na mbele ya wapita njia akalitamka jina la mkewe lote, bila kukwama hata kidogo: "Khamisa binti Chirau, nimekuacha."

Nyumba ya maziwa ilikuwa katika kiwanja cha mume. Khamisa akarudi kwa ndugu zake Kinango na binti yake na vibuyu vyake. Akapika, akapeleka sokoni. Askari wa soko akamwuliza leseni, hakuwa nayo, samli ikamwagwa chini. Ardhi ya Kinango, inayokaa miezi haijaonja maji, siku hiyo ilikunywa samli.

Akafunga safari hadi ofisini Kwale. Alisimama mbele ya Bwana Mifugo, akalitaja jina lake mwenyewe kwa sauti, akasema samli ya Mkongani ilikuwa yake, na leseni anaitaka kwa jina lake. Mzungu akataka afasiriwe tena. Akasema kwa upole kwamba samli ile anaijua, na kwamba imeandikwa Abdurahman.

Khamisa akamgeukia karani. "Matano mwanangu, wewe ulikuwapo. Uliketi barazani kwangu, ukanywa kahawa yangu."

"Nilikuwapo, mama," Matano akasema, macho chini. "Lakini sikukuona."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwona, ndivyo alivyokuwa amelelewa. Mzungu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitaka kumsaidia. Akamwambia mwanzo ni kujifunza, kisha leseni. Kama angependa, atamwombea nafasi kwa Abdurahman bin Shehe amfunze kazi.

Miezi ikapita. Mchana mmoja Abdurahman akabisha hodi Kinango, akiikokota baiskeli yake, na debe tupu limefungwa nyuma. Khamisa akamkaribisha kivulini, wakajuliana hali kama watu wazima. Kisha mwanamume akaeleza. Esha anaunguza. Hoteli zimeanza kurudisha madebe, na Bwana Mifugo anakuja tena kuonja. Alitaka Khamisa apike hukohuko Kinango, yeye auze, wagawane.

"Nenda ofisini ukaseme aliyepika ni nani," Khamisa akasema. "Umeshajua kulitaja jina langu."

"Nikisema, Mama Mwana, wataniuliza kwa nini niliidanganya serikali. Wataichukua leseni, nyumba ifungwe. Na wewe hapa huna sakafu wala bati, hawatakupa. Tutakosa sote."

Khamisa alitafuta uongo ndani ya maneno yale, akaukosa. Ndani ya nyumba samli ilikuwa imejaa vyungu, haina pa kwenda. Mwanafatuma alikuwa ameila kwa mihogo, ameila kwa mtama, amefika kuichukia. Khamisa akainuka, akalichukua debe lenye karatasi ya Abdurahman, akaingia nalo. Alikaa ndani kitambo. Alipotoka lilikuwa limejaa hadi shingoni.

"Siku nyingine ulilete limeoshwa, bwana mwenye leseni," akamwambia. "Hili limenipa kazi. Lilikuwa linanuka kuungua."