Sukari ya Majilio

Vita vilipokwisha, watu wa Mtongwe walidhani kila kitu kitarudi mahali pake upesi: wanaume waliochukuliwa jeshini, mchele, kanga na sukari. Wanaume wakaanza kurudi wachache wachache, kila meli ya askari ilipotia nanga Kilindini. Kanga nazo zikaonekana. Sukari ndiyo iliyokataa. Kufikia Novemba, dukani kwa Mzee Idarus lilibaki gunia tupu, nalo lilikuwa limekung'utwa mpaka halina tena la kutoa.

Hapo ndipo Dorcas, mke wa Randu, alipoiacha sukari kwa ajili ya Bwana.

Dorcas alikuwa mkubwa wa akina mama katika kanisa la makuti pale Mtongwe, kanisa la watu waliotoka Rabai na Kaloleni kufuata kazi za bandarini. Padre alikaa ng'ambo, upande wa Kilindini, akavuka kuja mara moja moja. Siku nyingine kanisa lilikuwa mikononi mwa Mwalimu Jefwa, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Dorcas alikaa benchi la mbele. Hakuna aliyempa benchi lile, lakini waliowahi kulikalia kwa bahati mbaya hawakurudia.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, Mwalimu Jefwa alitandika kitambaa cha zambarau mezani, akawaeleza watu kwamba wameingia majuma ya kumngojea Bwana kabla ya Krismasi. Akasema mgeni mkubwa hapokewi katika nyumba iliyojaa vikorokoro. Basi kila mtu aache kitu kimoja akipendacho, ili moyo upate nafasi. Watu wakainamisha vichwa. Wengine walipenda tumbaku, wengine tembo la mnazi, wengine kuwasema majirani, na kila mmoja aliomba kimyakimya asiulizwe.

Dorcas akasimama. Akasema yeye anaiacha sukari mpaka siku ya Krismasi, hata chembe haitagusa ulimi wake.

Kanisa zima likashusha pumzi. Mzee Ngowa, aliyekuwa ameshika kibuyu chake cha ugoro kwa hofu, akasimama na kusema naye anaiacha sukari. Akafuata mkewe, wakafuata waimbaji, na kabla ya wimbo wa mwisho Mtongwe nzima ya Kikristo ilikuwa imeweka nadhiri. Mwalimu Jefwa machozi yalimlengalenga. Alisema hajaona mkutano uliojitoa hivyo kwa moyo mmoja.

Nyumbani, Randu alimsikiliza mkewe akisimulia, kisha akasema, "Vizuri. Nami basi naacha kupanda eropleni."

Dorcas akaenda kuchochea moto. Randu alikuwa mtu wa kupakua shehena, na mambo ya roho hayakuwa fani yake.

Juma la kwanza lilipita kwa utakatifu mkubwa. Watu walikunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, kama walivyokuwa wakiinywa tangu Septemba, lakini sasa waliinywa kwa uso wa huzuni. Dorcas alijisikia mwepesi. Alipopita njiani, wanawake walimsalimu kwa sauti ya chini, na yeye aliitikia kwa sauti ya chini zaidi.

Juma la pili, jahazi la mizigo likashusha sukari.

Habari ilifika kisimani kabla magunia hayajafika dukani. Mzee Idarus alifungua gunia la kwanza mlangoni, akauacha mdomo wa gunia wazi, na wapita njia wakaiona imelala mle, nyeupe, tele. Waislamu wa Mtongwe walinunua na kwenda zao. Wakristo walisimama upande wa pili wa njia wakizungumza habari za mvua.

Tangu siku ile elimu ya dini iliongezeka sana katika kanisa la Mtongwe. Mzee Ngowa alitoa hoja kwamba sukari guru si sukari, maana ni nyeusi. Mwingine akauliza kama halua ni sukari au ni chakula, na akajijibu mwenyewe. Waimbaji walikumbwa na kikohozi ambacho, kwa maneno yao, hakikuwa na dawa nyingine. Dorcas aliona wazi kwamba nadhiri, ambayo aliihesabu kuwa mali yake, inavuja kila upande. Akaanza kuizungukia nyumba kwa nyumba. Aliingia, akasalimu, akaulizia wagonjwa, na alipokuwa akiulizia aliinama juu ya vikombe kama mtu aliyepoteza sindano.

Wengi walimsikia akija. Nyevu hakumsikia.

Nyevu alikuwa msichana wa uimbaji, mke wa askari ambaye bado hajarudi kutoka Burma, na alikuwa na mtoto aliyezaliwa baba hayupo. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu, na uji alikuwa akiutema. Dorcas alimkuta mama anamlisha, na mtoto, ajabu, anakula. Akaunusa uji.

"Umetia nini humu?"

"Sukari, mama," Nyevu akasema. "Na kijiko nimekilamba."

Hakuficha, hakulia, hakutaja kikohozi. Pengine hilo ndilo lililomuudhi Dorcas zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Jefwa, akaeleza kwa masikitiko, na Mwalimu naye akasikitika. Ikaamuliwa Nyevu asikae na waimbaji wala asiikaribie meza ya Bwana mpaka wazee wakutane. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mtoto mgongoni. Wazee hawakukutana, kulikuwa na mambo mengi ya Krismasi.

Sasa Dorcas alikuwa na mkeka aliokuwa akimsukia Bi Barke, mke wa Mzee Idarus. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Aliupeleka mkeka jioni moja, hana nia mbaya yoyote.

"Karibu, Bi Dorcas, ndoo ukae," Bi Barke akasema, na kabla mgeni hajakunja miguu, kikombe cha chai kilikuwa mbele yake, chai ya maziwa na tangawizi, imetiwa sukari tangu jikoni. Kwa Bi Barke mgeni haulizwi atakunywa nini. Kukataa chai ya nyumba ile kungekuwa kumtukana mwenye nyumba, na Dorcas alikumbuka kwamba upendo ni mkuu kuliko kufunga. Akanywa. Alipofika chini ya kikombe alikuwa amefumba macho.

Kesho yake alirudi kuuliza kama mkeka unafaa. Unafaa. Siku ya tatu alirudi kumjulia hali Bi Barke, aliyekuwa mzima wa afya. Akapita uchochoroni ili asionekane, akainua pazia la ua, na pale, juu ya mkeka wake mwenyewe, akamkuta Mwalimu Jefwa na kikombe mdomoni.

Wakatazamana. Mwalimu alimeza alichokuwa nacho, maana hapakuwa na la kufanya nacho.

"Nimekuja kwa habari ya makuti ya paa," akasema.

"Nami nimekuja kuutazama mkeka," Dorcas akasema.

Bi Barke akamimina kikombe cha tatu, chake. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye macho ya kucheka, na kama alijua habari za nadhiri hakuonyesha. Alisema anapenda kuona watu wa dini wanazungumza dini yao. Wao Waislamu, wakifunga Ramadhani, mwisho wake huutazamia mwezi uandame. Mtu hutoka nje akaangaza mbinguni, mkubwa na mdogo.

"Na nyinyi, wallahi sijui, nauliza tu," akasema. "Siku hizi zenu mwamngoja nani?"

Dorcas alikuwa na chai kinywani. Mwalimu Jefwa ndiye aliyejibu. Alieleza maana ya rangi ya zambarau, akaeleza kwa nini majuma ni manne wala si matano, akaeleza Majilio yalivyoanza huko Ulaya katika baridi. Bi Barke alisikiliza kwa adabu. Dorcas naye alisikiliza, akingoja amtaje anayengojwa, na Mwalimu alizunguka mbali sana, akarudi kwenye makuti ya paa, bila kumtaja.

Usiku ule Dorcas alilala vibaya. Kilichomsumbua hakikuwa chai. Alijiuliza, kama kweli angekuja mtu, angemkuta yeye wapi; akajiona anainama juu ya vikombe vya watu. Akamwona Nyevu mlangoni na mtoto mgongoni. Akageuka upande wa pili wa kitanda, na huko akamkuta Nyevu vilevile.

Jumapili ya mwisho ya Majilio kanisa lilijaa. Mwalimu Jefwa, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, aliwataka wote walioshika nadhiri wasimame wamshukuru Mungu. Watu wakasimama kwa kishindo kimoja. Mzee Ngowa alisimama, waimbaji wakasimama. Mwalimu tayari alikuwa amesimama, hilo likamsaidia. Waliobaki chini walikuwa wawili: Nyevu kule mlangoni, na Dorcas benchi la mbele.

Minong'ono ikapita. Mwalimu akamwashiria Dorcas kwa kidole, kwa upole, kama mtu anayemwamsha aliyesinzia.

"Siwezi kusimama," Dorcas akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Nimekunywa chai ya sukari. Si mara moja."

Mwalimu Jefwa akakodoa macho akingoja sentensi ya pili, ile ambayo yeye mwenyewe angekuwamo. Ilipokuwa haiji, rangi ikarudi usoni mwake, akainua mikono.

"Tazameni unyenyekevu, ndugu zangu," akasema. "Mama huyu ametutangulia katika kufunga, na sasa anajishusha chini yetu sote."

Watu wakaguna kwa kupendezwa. Mzee Ngowa akaona amezidiwa. Akakaa upesi, akasema hata yeye si mkamilifu. Waimbaji wakakaa. Muda si muda kanisa zima lilikuwa limekaa, kila mmoja na uso wa mwenye dhambi kubwa, na Mwalimu akabaki amesimama peke yake, akapiga magoti kwa kuwa hapakuwa na kiti karibu.

Dorcas akatambua kwamba hawamwamini. Hasira ikampanda, na safari hii hakuwa na wa kumkasirikia ila mwenyewe. Akasimama.

"Nyevu alisema maneno haya haya," akasema. "Tena yeye alikuwa na mgonjwa. Mimi nilikuwa na ulafi. Yeye mkamtoa, mimi mwanisifu. Aliyemshtaki ni mimi."

Akashika njia ya katikati akaenda mpaka nyuma, akakaa kwenye benchi la mlangoni. Nyevu alisogea kidogo kumpa nafasi. Mwalimu Jefwa akatangaza wimbo, wenye beti nyingi.

Krismasi ilikuja, sukari ikaliwa halali. Dorcas alikwenda kwa Nyevu kumtaka radhi, akapata jibu fupi kwamba mtoto amepona. Hakusamehewa siku ile, wala iliyofuata. Akaendelea kwenda. Kila ilipotangazwa meli ya askari, Nyevu alijifunga mtoto, akateremka kivukoni kuwatazama wanaume wanaovuka kutoka Kilindini, na Dorcas akaanza kuteremka naye. Alizoea kudhani kungoja ni kazi ya kukaa vizuri. Nyevu alisimama juani tu, kanga imempauka, akitazama uso mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alipopita alirudi nyumbani kupika. Jioni ya meli ya tatu, wakipanda kilima mikono mitupu, Nyevu alimpa Dorcas mtoto ambebe. Haikusemwa habari ya msamaha.

Mume wa Nyevu alifika mwezi wa Machi, amekonda, buti zikimpwaya. Mtoto alimlilia. Dorcas ndiye aliyekimbia mbele kupeleka habari, na watu waliomwona wakasema mama yule amerukwa na akili.

Lakini kanisani mambo yalikuwa yamekwenda njia yake. Dorcas hakurudi benchi la mbele. Watu waliona, wakafikiri; na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuachwa nyuma katika mambo ya kukaa nyuma, Mzee Ngowa akahamia benchi la mlangoni, mkewe akamfuata, kisha wazee, kisha nusu ya waimbaji. Waliochelewa walikosa nafasi huko wakalazimika kukaa mbele, wakaona aibu. Ilifika mahali watu wakawahi kanisani kabla ya kengele kugombea benchi la unyenyekevu, na Jumapili moja mama wawili walivutana kanga kwa ajili yake.

Siku ya Pasaka padre alivuka, akaingia, akauliza kama paa la mbele linavuja. Mwalimu Jefwa alimweleza kwa kirefu. Kisha padre akauliza kwa nini yule binti mwenye mtoto haji mezani. Wazee wakatazamana. Ikaonekana Mwalimu alidhani wazee wanalishughulikia jambo lile, wazee walidhani Mwalimu amelimaliza, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekumbuka kwamba alimkataza. Padre akamwita kwa mkono.

Nyevu akamweka mtoto mapajani mwa Dorcas, akatoka akipenya magoti ya wanyenyekevu waliobanana pale, mmoja akamkanyaga kidole. Dorcas akamshika mtoto sawasawa, akangoja mama yake arudi ndipo naye aende.